Boti yangu haitaki kwenda polepole nikiburuta rapala, nisaidieni kuifunga breki

Nahodha_Kigungu

Salaam wadau wa majini. Niko Entebbe, mwalo wa Kigungu, nina boti ya mbao ya futi 28 na Yamaha 40 ile ya kuchanganya oili, siku za kazi nabeba watu na mizigo kwenda visiwani, wikiendi napeleka watu wanaotaka kuvua sangara kwa rodi. Shida yangu ni moja na imenisumbua miezi sasa. Nikiingiza gia tu, bila hata kugusa mafuta, boti inakwenda kilomita 7 kwa saa kwa GPS ya simu, upepo ukiwa mgongoni inagonga 8. Kwa mwendo huo rapala, hivi vyambo bandia vya mfano wa samaki, hazifanyi kazi, ile kubwa ya kupiga mbizi inalala ubavu, inazunguka, inapanda juu inarukaruka kwenye povu, afu mshipi unajisokota mpaka unakata tamaa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wageni wawili, toka saa moja asubuhi mpaka saa sita tunazunguka miamba ya upande wa kisiwa cha Ngamba, hatukuguswa hata mara moja. Jirani yetu kuna boti ndogo yenye injini mbili, moja kubwa moja ndogo, inakwenda kama mtu anayetembea kwa miguu, ikatoa mputa, yaani sangara, watatu na mmoja nilimwona kwa macho yangu akiinuliwa, mdomo wazi unaingia kichwa cha mtoto. Mgeni wangu hakusema neno ila aliendelea kuitazama ile boti mpaka tukaondoka. Iliniuma jamani.

Injini ya pili sina pesa yake sa hivi. Nataka niteremke mpaka 4 au 5 kwa saa. Nimefikiria kulegeza skrubu ya kabureta ili izunguke taratibu zaidi. Mnasemaje?

Fundi_wa_Ggaba

Ssebo, hiyo skrubu iache kabisa. Wanaoileta injini kwangu baada ya kuichezea ni wengi na malalamiko yao ni yale yale, inazima ukiingiza gia, na inazima pale pabaya, unataka kurudi nyuma usigonge gati inakufia mkononi. Hiyo mashine ina mzunguko wake wa chini iliyotengenezewa, ukiushusha zaidi haina nguvu ya kusukuma propela ndani ya maji.

Halafu hiyo yako inachanganya oili. Ikizunguka polepole masaa mengi, petroli na oili vinajikusanya chini ndani ya injini bila kuungua vizuri, plagi zinakuwa nyeusi na mafuta, moshi unakuwa mwingi, siku ukitaka kuondoka kwa haraka mvua inakuja inakohoa silinda moja haichomi. Kwa hiyo hata ukipata njia ya kwenda taratibu, kila nusu saa hivi toa mishipi majini uipe mafuta dakika mbili tatu ijisafishe. Beba plagi mbili mpya na spana yake, usiende bila hizo. Na usipunguze oili eti moshi umezidi, fuata kipimo cha kitabu cha injini yako.

Sasa tuongee sababu. Angalia propela yako kuna namba mbili zimegongwa. Ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani propela ikizunguka mara moja ingesogea inchi ngapi kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu. Tuseme yako ni 13, hiyo ni sentimita 33. Injini ikizunguka mara 1000 kwa dakika na gia inapunguza mbili kwa moja, propela inazunguka 500, zidisha unapata mita 165 kwa dakika, karibu kilomita 10 kwa saa. Maji yanateleza, toa kama thuluthi, unabaki na hizo 7 zako. Ukiweka propela ya hatua 10 hesabu ile ile inakupa kama 7 na nusu kabla ya kuteleza, ukitoa thuluthi ni 5. Umeona? Bila kugusa kabureta.

Ubaya wake ukiwa mtupu ukafungulia mafuta yote injini itazunguka kupita kiasi, inabidi ujizuie. Ila ukiwa na mzigo mzito hiyo propela ndogo inainua boti vizuri kuliko ile kubwa. Kama unabeba mizigo siku za wiki mimi ningekushauri uitafute ya mtumba.

Mwanza_Kirumba

Kaka pole sana. Huku kwetu wanaovua kwa rodi ni wachache ila mimi nimewahi kupeleka watu, na tatizo la sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kugusa mafuta, kuwa juu nalijua. Dawa niliyotumia mimi ni ndoo. Ndoo mbili za plastiki ngumu za lita 20, unatoboa matundu matatu manne chini ili maji yapite, unafunga kamba kwenye mkono wa ndoo, unatupa majini. Boti inashika adabu papo hapo. Mimi mkono wa kwanza ulikatika baada ya dakika kumi ndoo ikaenda, kwa hiyo usitegemee ule waya wa mkono, pitisha kamba kwenye matundu mawili uliyotoboa chini ya mdomo wa ndoo.

Mama_Boti_Kalangala

Ndugu zangu ndoo ni sawa lakini mwambieni kijana aifunge WAPI, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Mimi nina boti mbili huku Bugala. Mwaka juzi dereva wangu alikuwa mgonjwa nikatoka mwenyewe na mtoto wa dada yangu, tulifunga ndoo nyuma kabisa, pembeni ya injini, kamba ndefu. Ilikwenda vizuri. Afu kijana akapata samaki, mimi nikatoa gia ili asivunjike mshipi, boti ikasimama, ndoo ikaendelea kuja na kamba ikalegea ikaelea chini ya boti. Samaki akatoka. Nikaingiza gia tuendelee. Nilisikia mlio mmoja tu, tak, injini ikazima.

Kamba ya nailoni ikijizungusha kwenye propela inapata moto inayeyuka inakuwa kitu kimoja kama mfupa. Niliinua injini nikalala kifudifudi mkono ndani ya maji nikiikata kwa kisu cha kumenyea matoke, na upepo ulikuwa umeshaanza ule wa mchana unatoka kusini, unatusukuma kwenye mawe. Nilikata zaidi ya nusu saa. Tulikuwa tumebakiza kama urefu wa uwanja wa mpira kufika kwenye mawe ilipowaka. Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule mtoto ameshika kasia peke yake anajitahidi, moyo unakwenda mbio.

Na jambo la pili. Ukifunga kitu kizito nyuma, nyuma ya boti inashuka, na boti zetu hizi nyuma pamekatwa chini kwa ajili ya injini. Wimbi moja linaingia lote.

Kwa hiyo mwanangu, funga mbele au ubavuni karibu na mbele, moja kila upande, na kamba ipimwe ikiwa boti iko nchi kavu: ivute mpaka nyuma, isifike kwenye propela, ibakize mita nzima. Hata ikilegea, hata ikipita chini ya boti, haifiki. Na kisu kikali kiwe karibu na mkono, sio ndani ya begi. Na majaketi ya uokozi yavaliwe, yasikaliwe.

Nahodha_Kigungu

Mama asante sana, nimesoma mara mbili. Mimi nilikuwa nishapanga kufunga nyuma kabisa. Pole kwa yaliyowakuta.

Fundi propela nitaitafuta. Ila kwa Jumamosi hii naona nijaribu hizo ndoo kwanza.

Kijana_wa_Jinja

Kwani si utumie injini ya betri bro? Kuna zile za umeme za kufunga pembeni, hazina kelele, mwendo unapanga mwenyewe kwa kuzungusha mkono. Mjomba wangu anayo huku mtoni anaipenda sana.

Fundi_wa_Ggaba

Kijana wazo ni zuri kwa boti nyepesi na maji yaliyotulia. Lakini fanya hesabu. Ile ya umeme ya msukumo wa ratili 55 ambayo ndo ya kawaida, ikisukuma kwa nguvu zote inakula kama ampea 50. Betri ya ampea-saa 100 inakupa masaa mawili ya nguvu zote na hapo umeimaliza kabisa, na betri ya kawaida ya gari ukiimaliza hivyo mara chache inakufa. Boti ya mbao futi 28 yenye watu wanne, upepo wa mbele ukija, hiyo mashine itakuwa inashindana na upepo tu. Kwa siku nzima ziwani angehitaji betri nyingi na pa kuzichaji. Injini ndogo ya petroli ya farasi 6 au 8 pembeni ya ile kubwa ndo jibu la kudumu, na ile kubwa ikikataa hiyo ndogo inakurudisha nyumbani. Akipata pesa.

Mzee_wa_Butiaba

Vijana hamjambo. Mimi niko Ziwa Albert, nimeendesha boti toka nikiwa jeshini na Kiswahili changu ni cha huko, mtanisamehe.

Nyinyi wote munasema kilomita hizi kilomita zile na hakuna aliyeuliza kilomita za nini. GPS inapima mwendo wako juu ya nchi. Samaki na chambo wako ndani ya maji. Upepo ukisukuma maji ya juu yanatembea, na kwenye mto ndo zaidi. Pale Nile chini ya maporomoko ya Murchison, huko ni ndani ya hifadhi na kibali unachukua kwanza, unaweza kupandisha mto GPS ikaonyesha 2 na chambo kinachapwa na maji kama unakimbia. Ukigeuka ukateremka na maji GPS inaonyesha 8 na chambo kimelala usingizi. Mtu anayeangalia simu tu atapunguza pale pa kuongeza.

Mimi napima hivi. Boti yako futi 28, hiyo ni mita 8 na nusu. Mtu akae mbele kabisa atupe kijiti kando, wewe uko nyuma na saa. Kijiti kikipita usawa wako sekunde 4, unakwenda karibu 8 kwa saa, hiyo ni mbio. Sekunde 6 ni kama 5. Sekunde 7 ni 4 na kidogo, hapo ndo pazuri. Sekunde 8 bado sangara anakula. Zaidi ya 10 rapala kubwa inaacha kutikisika na itapanda. Rudia mara tatu, kila ukibadilisha uelekeo pima tena.

Halafu kabla ya kuachia mshipi, shika rapala kando ya boti kwenye maji ya juu uitazame kwa macho. Iwe inatikisa kiuno, kushoto kulia kushoto kulia, na ncha ya rodi inatetemeka mkononi. Ikilala ubavu hata kwa mwendo mdogo, basi si mwendo, ile pete ya mbele imepinda. Inyooshe kidogo kidogo na koleo.

Upepo nao ni breki ya bure. Nenda ukiukabili. Ukifika mwisho wa njia usiburute kurudi, toa mishipi, rudi mbio, ndo hapo injini inajisafisha kama fundi alivyosema, anza tena. Utakuwa umeua ndege wawili.

Nahodha_Kigungu

Mzee shikamoo. Hiyo ya kijiti naifanya. Sikuwahi kufikiria hilo la maji kutembea, ndo maana asubuhi na mchana napata namba tofauti na mkono wangu uko pale pale.

Mwanza_Kirumba

Mzee umetufundisha wote. Naongeza kitu. Ukichoka na ndoo, tengeneza gunia, ni bora mara mbili kwa sababu likitoka majini linakunjika linakaa popote. Chukua gunia la kilo 100 lile la nailoni iliyosukwa, mdomo ukiufungua duara inakaribia nusu mita. Pinda nondo nyembamba ya milimita 6 iwe duara, shonea mdomoni na uzi wa nyavu, sio uzi wa nguo. Kata ile kona ya chini uache tundu linaloingia ngumi, ili maji yapite na gunia lisiyumbe. Kamba nne fupi kutoka kwenye duara zikutane kwenye kichuma kinachojizungusha, bila hicho gunia litasokota kamba mpaka iwe fundo. Funga jerikeni tupu ya lita 3 juu ya mdomo ili lisizame chini ya boti.

Na kamba ya pili, nyembamba, iwe imefungwa MKIANI mwa gunia na mwisho wake uko ndani ya boti. Hiyo ndo ya kutolea. Ukivuta mdomo huwezi, limejaa maji. Ukivuta mkia linageuka, maji yanamwagika, unalitoa kwa mkono mmoja. Pima nayo fupi kama mama alivyosema.

Fundi_wa_Ggaba

Na usifungulie mafuta gunia likiwa majini. Mwendo ukiongezeka mara mbili mvuto unakuwa mara nne. Litang'oa kishikio na ubao wake. Lifunge kwenye mbavu ya boti, sio kwenye msumari wa ukingo.

Nahodha_Kigungu

Wadau nimerudi, ni Jumapili usiku, naandika nikiwa nimechoka ila nina furaha.

Ijumaa nilishona magunia mawili na shemeji yangu. Kamba nilizipimia mwaloni boti ikiwa mchangani kama mama alivyoagiza, zikaishia mita moja na nusu kabla ya propela. Jumamosi tulitoka saa kumi na mbili na nusu, ziwa kama kioo, nikaenda kwanza bila gunia, kijiti kikapita sekunde 4 na kidogo. Nikatupa gunia la kulia peke yake, boti ikawa inavuta kulia muda wote mkono unauma, kwa hiyo moja halitoshi, lazima yawe mawili. Nikatupa la kushoto. Jamani. Boti ilitulia kama imeingia kwenye uji. Sekunde 7. Nikapima tena, 7. Upepo ulipoanza saa nne nikaukabili ikawa 8, nikatoa gunia moja dakika chache nikaona inataka kupinda nikalirudisha, nikaongeza mafuta kidogo sana kwa mkono ikarudi 7.

Rapala ikashuka. Hilo ndo sikulitegemea, ile ile ambayo ilikuwa inaruka juu ya maji sasa inagonga mawe pale penye mita 6, ncha ya rodi inacheza tiktiktik bila kusimama. Saa tatu kasoro rodi ya kushoto ikainama mpaka mgeni akapiga kelele kwa lugha yake. Nikatoa gia. Samaki akatoka nje ya maji mara moja, kichwa kinatikisika, mashavu yamefunguka yanalia kama kitambaa kikipigwa na upepo, afu akaenda chini.

Na hapo nikakosea. Magunia yote mawili yalikuwa bado majini. Samaki akapita mbele, akazunguka kamba ya gunia la kushoto, mshipi ukakwaruza kwenye kamba ukakatika. Mgeni alikaa chini. Nilimwomba msamaha.

Tulipata wawili baadaye, mmoja nilimpima sentimita 74, mwingine 46 tukamrudisha maana hajafika 50 ya sheria. Swali langu ni hilo sasa: samaki akishika, magunia yanatolewa lini na nani?

Mama_Boti_Kalangala

Hongera sana mwanangu, na asante kwa kupima kamba.

Mtu wa tatu ndani ya boti kazi yake iwe hiyo tu, asishike rodi. Rodi ikiinama, wewe unatoa gia, yeye anavuta mkia wa gunia la upande ule wenye samaki kwanza, ndani ya sekunde tano. La upande wa pili liache, hilo linakusaidia, boti haisukumwi na upepo kwenye mawe wakati mgeni anapigana. Samaki akihamia upande wa pili, toa na hilo. Rodi nyingine zote zikunjwe. Hakuna kurudisha gia mpaka kila kamba iwe ndani na uihesabu kwa macho: moja, mbili, za mkia moja, mbili.

Mzee_wa_Butiaba

Mama amesema yote. Kitu kimoja, huko kwenu kuna magugu maji, yakiingia kwenye gunia tundu la chini linaziba na boti inaanza kuyumba. Ukiona inayumba usifikirie injini, toa gunia ulikung'ute. Na angalia kila mara ule mkojo wa injini, yale maji ya kupoozea yanayoruka nje, kama unatoka, magugu hayo hayo yanaziba pa kunyonyea maji, na ukienda taratibu hivi injini inachemka bila wewe kusikia tofauti.

Nahodha_Kigungu

Nimewaelewa. Shemeji ndo atakuwa mtu wa magunia, nimeshamwambia. Yule mgeni aliyepoteza samaki amepiga simu jioni hii, anataka kurudi Jumamosi ijayo. Nitapaka zile kamba za mkia rangi nyekundu zisichanganywe na zile kubwa.